Petali iliyotoka na meno: splaini na polilaini kwenye mchoro wa geti

Geti la milango miwili. Kila mlango umevalishwa pleti ya chuma ya mm 3, upana mm 1,150 na kimo mm 1,900, na katikati yake inakatwa nakshi: yungiyungi chini, mzabibu unapanda juu, mtindo ule unaoonekana kwenye fremu za milango ya kuchonga ya Unguja na Lamu. Mchoro umefanywa kwa AutoCAD, programu ya kuchorea kwa kompyuta. Ukataji unafanyika kwenye meza ya plazma, moto wa umeme unaoyeyusha chuma, inayoongozwa na kompyuta. Kwenye skrini petali ni laini kama yai. Kinachoshuka mezani kina meno kama msumeno wa kukatia mabomba.

Kisa hiki kimeunganishwa kutokana na makosa yanayojirudia kati ya wachoraji na wakataji. Vipimo ni vya geti la mfano, lakini hesabu zake zote unaweza kuzirudia mwenyewe kwa kikokotoo cha simu. Nakshi ina maumbo 46 yaliyofungwa, na ukijumlisha mizingo yake yote unapata kama mita 38 za kukata.

Faili lilikwenda kwa mkataji mara tatu, na kila mara liliharibika kwa namna yake.

Mara ya kwanza lilitumwa kama DXF, muundo wa faili wa kubadilishana michoro, ya toleo jipya. Mkataji alipolifungua aliona fremu, matundu ya bolti na mistari ya kukunjia. Maua hayakuwepo. Programu yake ya kutengeneza njia za tochi (kichwa cha plazma kinachokata) inasoma mistari, matao, duara na polilaini, yaani mnyororo wa mistari na matao. Maua yalichorwa kwa splaini, mkunjo huru unaohesabiwa kutoka nukta chache, na programu hiyo ikikutana na splaini inaipita kimya, bila onyo. Kimya hicho ndicho hatari yenyewe. Geti lenye maua yote yaliyopotea linaonekana mara moja, lakini geti lililopotewa na maumbo mawili kati ya 46 hukatwa, likachomelewa, likapakwa rangi, na mwenye nyumba ndiye anayegundua.

Mara ya pili mkataji aliomba toleo la R12, yaani muundo wa faili wa AutoCAD ya zamani, toleo la 12. Ombi hilo limezoeleka na lina sababu. Splaini ya kweli iliingia AutoCAD katika toleo la 13, mwaka 1994, kwa hiyo muundo wa R12 hauna mahali pa kuiandika, kama usivyo na mahali pa duaradufu ya kweli. Ukihifadhi kwa R12, programu inalazimika kuvunja kila splaini kuwa vipande vilivyonyooka. Haikuulizi unataka vipande vya urefu gani. Maua yakaonekana, yakakatwa, na shina la mzabibu likatoka na bapa bapa.

Mara ya tatu mchoraji aliamua kugeuza mwenyewe. Alichukua amri ya SPLINEDIT, akachagua kugeuza kuwa polilaini, na alipoulizwa usahihi akaandika 99, kiwango cha juu kabisa kinachokubalika. Mantiki yake ilikuwa nyepesi: usahihi ukizidi, ubora utazidi. Hapo ndipo meno yalipotokea.

Watu wengi wakifika hapa wanalaumu mashine. Wanakaza mikanda, wanasafisha reli, wanabadilisha nozeli. Mashine haikuwa na kosa.

Ni nini hasa kilichomo ndani ya faili

Splaini ni jina lililotoka kwa wajenzi wa meli. Lilikuwa utepe mwembamba wa mbao au chuma uliopindwa na kushikiliwa kwa vizito vya risasi, kisha kalamu ikafuata ukingo wake. Anayejenga chombo cha mbao anaujua utepe huo kwa mkono: ukiushika sehemu chache unapinda kwa raha, ukiubana kila kidole kimoja unaanza kuyumba. Splaini ya kompyuta ina tabia hiyo hiyo. Ndani ya faili hakuna mkunjo wowote uliochorwa, kuna nukta chache na kanuni ya hesabu, na umbo huhesabiwa upya kila linapoonyeshwa. Ndiyo maana ukilikuza mara elfu bado ni laini.

Polilaini ni mnyororo. Kila pingili yake ni mstari mnyoofu au tao la duara, na zote zinahesabiwa kuwa kitu kimoja. Wengi husahau hilo la tao. Wanadhani polilaini ni vijiti vilivyounganishwa tu, kisha wanaihukumu kuwa chombo kisichofaa kwa maua. Ndani ya DXF kila nukta ya polilaini inaweza kubeba namba moja ya ziada, yenye msimbo 42, inayoeleza pingili inayofuata imebinuka kiasi gani. Sifuri maana yake imenyooka. Moja maana yake nusu duara. Robo duara ni 0.4142, kwa sababu namba hiyo ni tanjenti ya robo ya pembe ya tao, yaani tanjenti ya nyuzi 22.5. Alama ya kutoa maana yake tao linakwenda kwa mwelekeo wa saa. R12 inaielewa namba hiyo vizuri kabisa.

Na mashine je? Lugha ya meza nyingi za plazma, leza na ruta (mashine ya kuchonga mbao) ina maneno matatu tu yanayohusika hapa: G01 kwenda kwa mstari mnyoofu, G02 na G03 kwenda kwa tao. Zipo kontrola, yaani vifaa vinavyoongoza mwendo wa mashine, kubwa za viwandani zinazopokea splaini moja kwa moja. Kontrola za karakana za kawaida hazipokei. Kwa hiyo splaini itavunjwa tu. Suala ni nani anaivunja, mahali gani kwenye safari, na kwa kipimo cha nani. Katika majaribio yote matatu mchoraji hakuwahi kuchagua kipimo. Mara ya kwanza aliiachia programu ya mkataji, mara ya pili aliliachia toleo la zamani la faili, mara ya tatu aliandika namba kubwa kuliko zote, na huko nako si kuchagua.

Bapa za shina

Tuanze na jaribio la pili kwa kuwa hesabu yake ni fupi. Ukibadilisha tao la nusukipenyo r kuwa vijiti vya urefu L, kijiti kinaliacha tao katikati yake kwa umbali unaokaribia L mara L, gawanya kwa 8r. Shina la mzabibu lilikuwa na nusukipenyo cha karibu mm 200, na R12 ilitoa vijiti vya mm 25. Basi 625 gawanya kwa 1,600 ni mm 0.39.

Mm 0.39 kwenye geti? Upana wa mkato wenyewe wa plazma ni kama mm 1.5. Mchoraji angeweza kuapa kwamba kosa hilo halionekani. Linaonekana, kwa sababu jicho kwenye ukingo wa chuma halipimi umbali, linapima pembe. Kila kijiti kinakutana na mwenzake kwa pembe ya L gawanya kwa r, hapa radiani 0.125, yaani nyuzi 7.2. Paka rangi ya kung'aa, simama kwenye jua la saa kumi, na kila kiungo kinakata mwanga.

Ukikaza toleransi, yaani kosa linaloruhusiwa, hadi mm 0.1, kijiti kwenye shina lile kinakuwa mm 12.6 na pembe nyuzi 3.6. Kwenye mkunjo wa mm 50 kijiti ni mm 6.3 na pembe inarudi kuwa nyuzi 7.2. Kwenye kikonyo cha mm 10 kijiti ni mm 2.8 na pembe ni nyuzi 16. Unaona tatizo: ukitumia vijiti tu, toleransi ileile inayotosha kwa umbali haitoshi kwa pembe, na inazidi kutotosha kadiri mkunjo unavyobana. Ukitaka pembe ishuke hadi nyuzi moja kwenye mkunjo wa mm 50, lazima vijiti viwe vya mm 0.87. Ndiyo njia inayompeleka mtu kwenye 99.

Meno ya petali

Chukua petali moja, kubwa ya katikati. Mzingo wake ni mm 600. Baada ya kugeuzwa kwa 99, amri ya LIST ilitoa ukurasa baada ya ukurasa wa nukta: takriban 10,000. Maana yake nukta moja kila mm 0.06, kwa mashine ambayo moto wake una upana mara 25 ya hapo.

Meza hii ilikuwa na kontrola ndogo ya aina ya Grbl 1.1. Kontrola kama hiyo haisomi faili lote. Inaweka mbele yake foleni ya mienendo 16 na kupanga mwendo kwa kuangalia mpaka mwisho wa foleni tu. Kanuni yake ya usalama ni kwamba lazima iweze kusimama kabla ya mwisho wa inachokiona, kwa sababu haijui kama baada ya hapo kuna kona. Mienendo 16 ya mm 0.06 ni mm 0.96. Kwa mchapuko wa mm 500 kwa sekunde kwa sekunde, kasi kubwa kuliko zote inayoruhusu kusimama ndani ya mm 0.96 ni kipeuo cha pili cha 2 × 500 × 0.96, yaani mm 31 kwa sekunde, sawa na mm 1,860 kwa dakika. Mkataji alikuwa ameagiza mm 3,000.

Kama ingekuwa inatembea kwa 1,860 mfululizo, isingekuwa balaa. Ingekuwa polepole tu. Lakini kwa mm 31 kwa sekunde kontrola inakula mistari 516 ya maagizo kila sekunde. Mstari mmoja una herufi kama 20. Hiyo ni baiti 10,300 kwa sekunde kupitia waya wa biti 115,200 kwa sekunde ambao uwezo wake wote, kwa biti 10 kila baiti, ni baiti 11,520. Kompyuta ikijishughulisha kidogo na jambo jingine, tuseme imeamua kutafuta sasisho, foleni inapungua, tochi inapunguza mwendo, foleni inajaa, tochi inakimbia tena. Hayo yanatokea mara nyingi ndani ya sentimita chache.

Sasa ingiza plazma. Tochi ikipunguza mwendo, moto unakula chuma kingi zaidi mahali pamoja na mkato unapanuka. Mkato ukipanuka, moto unarefuka na volti inapanda. Kidhibiti cha kimo cha tochi kinasoma volti tu; volti ikipanda kinaamini tochi imekwenda juu, kinaishusha. Tochi inazama, ukingo unachimbika, slegi, chuma kilichoyeyuka, inaganda chini. Mwendo ukirudi, mkato unabana, volti inashuka, tochi inapandishwa. Kila mzunguko mmoja wa hayo ni jino moja. Mtu akiangalia petali kwa lenzi ataona meno hayajapangika kwa umbali sawa, na hicho ndicho kitambulisho: mkanda au gia mbovu ingeacha alama za umbali unaojirudia.

Kuna sababu ya pili, ndogo lakini ya kukera zaidi, na ingebaki hata kwenye mashine ya bei mbaya. Petali ilikuwa imefuatishwa juu ya picha kwa mibofyo 118, moja kila mm 5 hivi, na kila mbofyo ni nukta ambayo splaini imelazimishwa kuipitia. Mkono hautetemeki kwa kukusudia, na picha nayo ina punje zake. Mbofyo mmoja ukikosea kwa mm 0.3, splaini inatii: inakwenda kuifuata nukta hiyo, inajipinda, inarudi. Ni ule utepe uliobanwa kila kidole kimoja. Kwenye skrini, ukiangalia geti zima, huoni. Tembeza kidole kwenye ukingo wa chuma utahisi.

Kuchora upya, kabla ya kugeuza

Ni kishawishi kuendelea na ile splaini ya mibofyo 118 na kuisafisha baadaye. Haifai. Ukiigeuza kuwa matao utapata matao mengi mafupi yanayopokezana kubinuka kushoto na kulia, kwa sababu hilo ndilo umbo lake halisi. Kuichora upya huchukua dakika mbili.

Petali ina ncha kali juu na tako la mviringo chini, na nusu zake mbili zinafanana. Kwa hiyo chora nusu moja tu. Ndani ya amri ya SPLINE kuna njia mbili: ya nukta ambazo mkunjo unazipitia, na ya nukta zilizo nje ya mkunjo zinazouvuta kama sumaku. Kwa kufuatisha umbo la kisanaa, hiyo ya pili ni bora zaidi, maana hakuna nukta inayoweza kuulazimisha mkunjo ujipinde kwa ghafla. Digrii iachwe 3. Kwa nusu ya petali nukta 6 zinatosha, na ukijikuta unahitaji zaidi ya 8, kagua kama hujafuata punje za picha.

Nukta ya kwanza iwe juu ya mhimili wa petali, kwenye tako. Ya pili iwekwe kwa kubonyeza F8 ili ikae kwenye mstari ulio pembemraba na mhimili. Hilo ndilo jambo dogo linalobeba kazi yote: mkunjo wa namna hii huanza safari ukielekea nukta yake ya pili, basi ukiirudufu nusu kama kwenye kioo kwa MIRROR, nusu mbili zitakutana kwenye tako bila kikwazo, zikiwa na mwelekeo mmoja. Kwenye ncha hakuna sharti hilo. Nukta ya mwisho ikae juu ya mhimili na ya kabla yake popote panapokupa ukali unaoupenda.

Usijaribu kuchora petali nzima kama splaini moja na kuifunga kwa chaguo la kufunga. Kufunga splaini kunalainisha pia mahali pa kufungia, na ncha ya yungiyungi inageuka kuwa ya kijiko. Mchoraji wa kisa hiki alifanya hivyo kwenye petali tatu, kisha akaongeza mibofyo minne karibu na ncha ili kuikaza tena. Matokeo yake yalikuwa kijipinda cha mm 0.4 kabla ya ncha, ambacho programu ya njia za tochi ilikigeuza kuwa fundo, kwa sababu njia ya tochi inakaa mm 0.75 pembeni ya mstari, nusu ya upana wa mkato, na huwezi kupita kwa mm 0.75 ndani ya mkunjo wa mm 0.4.

Hapo pia ndipo splaini na polilaini ya matao zinapotofautiana kwa jambo ambalo wachache hulisema. Ukisogeza sambamba tao la nusukipenyo mm 50 kwa mm 0.75, kama njia ya tochi inavyofanya, unapata tao la mm 49.25 au 50.75. Ni sahihi kabisa, wala hakuna kukadiria. Ukisogeza splaini, umbo linalotokea kwa kawaida haliwezi kuandikwa kama splaini ya aina ileile, basi programu inakadiria kwa splaini nyingine yenye nukta nyingi zaidi. Isogeze mara mbili au tatu, kama wafanyavyo wanaotaka fremu ndani ya fremu, na idadi ya nukta inapanda kila mara.

Kugeuza kwa kipimo ulichokichagua

Tengeneza leya (tabaka za mchoro) mbili. Moja ibaki na splaini, iite SANIFU, na hiyo ndiyo mali yako. Nyingine iite KATA. Nakili kila kitu kwa COPY bila kukisogeza hata kidogo, nakala iende leya ya KATA, kisha ifunge SANIFU. Mteja akirudi wiki ijayo kutaka petali nene zaidi, utavuta nukta moja kwenye SANIFU. Kwenye KATA ungelazimika kuchora upya.

Kabla ya kugeuza, andika PLINECONVERTMODE na uipe 1. Ikiwa 0, SPLINEDIT inatoa vijiti. Ikiwa 1, inatoa matao. Kwa kawaida inakuja ikiwa 0, na pengine hiyo ndiyo sababu watu wengi wanaamini polilaini haiwezi kuwa laini. Kisha SPLINEDIT, chagua splaini, herufi P, na kwenye usahihi anza na 5. Nusu petali yenye nukta 6 za kuvuta ilitoa matao 15.

Pima. Fungua tena SANIFU, weka rangi tofauti, kuza kwenye sehemu yenye mkunjo mkali, na utumie DIST kutoka katikati ya tao hadi splaini kwa kunasa pembemraba. Katika kisa hiki pengo kubwa kuliko yote lilikuwa mm 0.06. Plazma haiwezi kuliona pengo hilo. Likizidi mm 0.1, rudi nyuma ugeuze kwa 10. Kwa leza ya kukatia akriliki, ambapo mkato ni wa sehemu ya kumi ya milimita au mbili, lenga mm 0.02. Kwa jiwe la kukatwa kwa maji au mbao za ruta, mm 0.1 ni sawa tu na plazma.

Nusu mbili ziunganishwe: PEDIT, M kwa vitu vingi, chagua, J, na kwenye umbali wa kusamehe weka 0.05. Usiweke 1 kwa uvivu; kwenye nakshi iliyobana, milimita moja inatosha kuunganisha ncha ya jani na jirani yake. Baada ya hapo fungua dirisha la sifa, chagua maumbo yote ya KATA pamoja, na uangalie mstari unaosema kama yamefungwa. Ukisomeka kuwa yanatofautiana, kuna moja au zaidi liko wazi, na umbo lililo wazi tochi haijui ndani yake ni wapi, hivyo haiwezi kujua isogee upande gani.

Wakati dirisha hilo liko wazi, angalia na kimo cha Z. Splaini inaweza kuishi angani; polilaini nyepesi haiwezi, inakaa kwenye bapa moja. Nukta moja ikinaswa kwa bahati mbaya kwenye kitu kilicho na Z ya 3, splaini inainuka bila kuonekana kutoka juu. Dawa ni FLATTEN kwa kilichokwisha haribika, na OSNAPZ iwe 1 kwa kazi ijayo. Kisha pitisha OVERKILL ili kuondoa mistari iliyolaliana, kwa kuwa umbo lililorudufiwa linakatwa mara mbili, na mara ya pili tochi inapita juu ya tundu tupu.

Duaradufu kwenye nakshi, kama macho ya maua, ina matatizo yaleyale ya splaini. Ukiweka PELLIPSE kuwa 1 kabla ya kuchora, inazaliwa ikiwa polilaini.

Sasa hifadhi R12. Matao yote yanapita salama kwa ile namba ya msimbo 42. Kitu kimoja R12 haikibebi: kizio cha kipimo. Faili halisemi kama 1,150 ni milimita au inchi, kwa hiyo liandikwe kwenye jina, na mkataji apewe urefu mmoja wa kuhakikisha, hapa upana wa fremu.

Petali iliyokuwa na nukta 10,000 sasa ina matao 30. Kwenye maagizo ya mashine ni mistari 30 na ushee ya G02 na G03. Grbl nayo haijui kutembea tao kwa hakika. Inalivunja vijiti ndani yake, kwa kipimo kilicho kwenye mpangilio wa $12, ambacho kinakuja kikiwa mm 0.002. Kwa tao la mm 50 hiyo inatoa vijiti vya mm 0.89. Mienendo 16 ni mm 14.3 za kuangalia mbele, zinazotosha kwa zaidi ya mara mbili ya kasi iliyotakiwa. Na kwa kuwa kuvunja kunafanyika upande wa pili wa waya, waya hauna kazi. Pembe kati ya vijiti inashuka hadi nyuzi moja, ile tuliyoitaka, bila mtu kuandika 99 popote.

Mita 38 kwa mm 3,000 kwa dakika ni dakika 12 na sekunde 40, mbali na kutoboa mara 46 na safari za hewani. Kwa 1,860 zilikuwa dakika 20 na nusu, bila kuhesabu muda wa grenda.

Pale splaini inapobaki

Isichukuliwe kwamba splaini ni ya kukwepwa. Umbo linalokwenda kwenye modeli ya pande tatu, sura ya mashua, mpini, bomba lililopindwa, libaki splaini mpaka mwisho, kwa kuwa uso unaojengwa juu ya polilaini ya matao unabeba mstari kwenye kila kiungo. Matao mawili yanayogusana yana mwelekeo mmoja lakini ukali wa mkunjo unaruka ghafla kati yao. Kwenye ukingo wa pleti ya mm 3 hilo halionekani; kwenye mwili wa gari uliong'arishwa linaonekana kutoka mita kumi.

Kwenye ramani za kontua, mistari ya mwinuko sawa, ni kinyume kabisa. Hapo polilaini yenye vijiti ndiyo ukweli, na kulainisha ni urembo. Ukitumia chaguo la splaini ndani ya PEDIT, nukta zilizopimwa shambani zinageuka kuwa za kuvuta tu, mstari unaziacha, na kwenye mteremko mkali kontua mbili zinaweza kugusana. Ardhi haifanyi hivyo, isipokuwa kwenye genge lililosimama wima.

Mwanzo wa mkato

Faili la nne lilikatwa bila meno, lakini petali zote zilitoka na kinundu kidogo kwenye tako, mahali pamoja. Hicho hakikutokana na mikunjo. Programu ya njia za tochi huanzia kwenye nukta ya kwanza ya polilaini isipoambiwa vingine, na nukta hiyo ilikuwa kwenye tako, mahali nusu ya kwanza ilipoanzia. Tochi inapoingia na kutoka huacha alama hata kwenye mashine nzuri. Dawa ni kuhamishia mwanzo kwenye ncha ya petali na kuweka njia ya kuingilia ya mm 4 upande wa chuma kinachodondoka, ili kutoboa kufanyike kwenye taka. Ncha ni kona tayari. Alama inakaa humo na hakuna anayeitafuta.